Kaseti ya Mwalimu Zakaria, Kutoka Mabira Hadi Mbarara

Nilitumwa Mbarara, Uganda, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mwalimu Zakaria, mtunzi wa nyimbo zote za kwaya yetu ya Mabira, alikuwa amepasuliwa koo na sauti yake haikurudi. Ya pili, katika usharika mzima mimi peke yangu sikuwa na shamba la kunizuia. Niliacha shule darasa la tano, nikachimba madini ya bati, nikaswaga ng'ombe wa watu, nikauza chumvi mpakani. Safari yoyote isiyo na mwenyewe huletwa kwangu.

Siku chache kabla ya kwenda hospitali, Zakaria aliimba wimbo wake mkubwa mara moja tu, mbele ya redio kaseti tuliyoazima kijiji cha Nyakatuntu. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kitambaa, akatazama alichokifuta, akakikunja. "Basi," alisema. "Nyingine hamtaipata." Kwa hiyo kaseti ile ndiyo iliyokuwa sauti yake yote iliyobaki.

Kwaya na ngoma tuliziweka kwenye kaseti ya pili. Mwongozaji alimsikiliza Zakaria kwa kisikilizio kimoja sikioni, akapunga mkono, wengine wakamfuata. Ndivyo alivyoagiza kwa barua fundi wa Mbarara, ambaye kazi yake ni kuchanganya sauti: yeye angezilaza kaseti mbili pamoja na kutoa wimbo mmoja. Aliagiza pia tuache dakika moja tupu mwanzoni mwa kila kaseti, na tukimaliza tuvunje vile vipembe viwili vya plastiki vya mgongoni, ili asitokee mtu wa kurekodi tena juu yake. Vipembe nilivivunja mwenyewe kwa ncha ya kisu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuchukua mzigo kwa Mzee Elia, mwenyekiti wa kamati ya kwaya. Huyu ni mtu ambaye akifungua mkutano, mkutano wenyewe hukosa muda. Nilipofika uani nilisikia sauti yake ndani, kubwa, kama anaita mbuzi ng'ambo ya bonde. "...na Mchungaji anawasalimu, na wainjilisti wanawasalimu, na kina mama wanawasalimu, na mimi mwenyekiti nawasalimu tena..."

Nilisimama dirishani nikacheka kimyakimya. Niliona kabisa kitufe chekundu cha kurekodi kimebonyezwa. Nikajiambia, mwache mzee ajifurahishe.

Alipotoka na mzigo mkononi nilisema, "Shikamoo, mzee. Si fundi alitaka hiyo dakika iwe tupu?"

"Marahaba. Tupu ya nini? Mtu mzima anakuachia dakika nzima, wewe unaijaza kimya? Hiyo ni nafasi ya salamu. Kitu hakitoki kwetu kwenda kwa wageni bila salamu. Sisi si wezi."

Kaseti zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa gomba kavu na kamba ya mgomba, kama tunavyofunga maharage ya kumpelekea shemeji. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka ya kuondoka; haraka hiyo ninayo tangu nizaliwe.

Mchana, Murongo, mpakani. Nilifika na baiskeli ya kubeba abiria ambayo mwenyewe aliniomba nishuke kila kilima, na kilima kilikuwa njia yote. Ofisa wa forodha alilifungua lile gomba kwa kidole kimoja.

"Magendo ya kanda?"

"Ni kwaya, bwana mkubwa."

"Wote mnasema ni kwaya." Akatia kaseti moja kwenye redio yake. Mzee Elia akaanza kusalimu. Ofisa alisikiliza, akasaini karatasi tatu, akapiga miayo. Mzee bado anasalimu.

"Huyu anahutubia nchi gani?"

"Kata yetu tu."

"Mpeleke Uganda wamsikilize wao," akasema, akazima.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Dakika moja haitoshi kusaini karatasi tatu na kupiga miayo. Badala yake nilikuwa natafuta maneno ya kuisimulia kilabuni.

Mbarara nilifika kesho yake, juu ya lori la ndizi. Fundi Kato alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli, kuta zote zimebandikwa trei za mayai, na yeye amevaa miwani ya jua ndani ya giza hilo. Mkewe alinipa kahawa za kutafuna kama kwetu, na lugha yao na ya kwetu zinasikilizana, hivyo hatukuhangaika. Ila fundi aliniangalia kana kwamba nimekuja kuuza kuku.

"Nyie wa kule," alisema, "huwa mnaniletea upepo na jogoo. Leo mna nini?"

"Leo tuna mtu."

Akaiweka kaseti ya Zakaria. Salamu zikaanza.

"Huyu ndiye mtu mwenyewe?"

"Huyo ni mwenyekiti."

"Anaimba?"

"Hapana."

"Basi anafanya nini ndani ya wimbo?"

Mzee alisalimu, akashukuru serikali, akataja kamati yote na mweka hazina wa zamani. Halafu, tak! Sauti ya Zakaria ikaingia katikati ya neno, mwanzoni mwa ubeti wa pili.

Fundi alivua miwani. Akaitoa kaseti, akaigeuza, akachokoa mgongoni kwa ukucha. Kilitoka kipande cha gomba, kimekatwa vizuri kujaza tundu la kipembe nilichokivunja, ili redio ikubali kurekodi tena. Mzee Elia ana mikono ya ustadi, sikatai.

"Kaseti ya kwaya nayo imekatwa hivyohivyo," alisema baada ya kuisikiliza. "Lakini kwaya ipo, itaimba tena. Huyu aimbe tena ule ubeti."

"Hawezi. Amepasuliwa koo."

Fundi aliirudisha kaseti mashineni. Tangu hapo hakunidharau tena, au hakunionyesha. Alifanya kazi siku mbili, akipunguza mwendo wa kaseti moja kwa kitufe kidogo, akiongeza ya pili, mpaka kwaya ikamkalia Zakaria vizuri kama kofia yake mwenyewe. Kisha akauliza, "Hotuba niikate?"

"Iache," nilisema. Nilitaka mzee ajisikie mwenyewe mbele ya watu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikusanyika kwa Zakaria. Yeye alikaa kwenye kiti, kitambaa shingoni. Mzee Elia alikaa mbele kabisa. Salamu zilipoanza alitikisa kichwa kwa kuridhika, akiwatazama waliotajwa. Kisha, tak, ubeti wa pili.

Mzee akanigeukia. "Na ule wa kwanza?"

"Umeukalia wewe, mzee," nilimjibu. Nilikuwa nimelitunza neno hilo tangu Mbarara, nikidhani litakuwa tamu.

Hakuna aliyecheka. Zakaria aliomba kalamu kwa mkono. Aliandika mistari minne, polepole, akampa Mzee Elia karatasi na kumwonyesha kinywa chake mwenyewe: imba.

"Mimi?"

Zakaria akaitikia kwa kichwa: wewe.

Mzee Elia aliimba. Sauti ile ya kuita mbuzi ilitoka nyembamba, ikapotea mstari wa pili, ikarudi, huku Zakaria akimpigia mdundo kwa vidole kwenye mkono wa kiti. Alipofika mwisho alikuwa analia, na kwaya ilikuwa imeushika ubeti.

Zakaria aliitoa kaseti mpya ya fundi redioni, akaivunja vipembe vyote viwili kwa meno. Kisha akanigeukia na kunipa vile vipande, mimi, si mwenyekiti. Mke wa Mzee Elia, aliyeniona siku ile, alikuwa amemwambia nani alisimama dirishani akicheka.

Nimetembea sana, na kote nimejifunza kuwacheka watu. Safari hii nilijifunza kwamba kucheka na kunyamaza vinafuta kanda sawasawa na kitufe chekundu. Vipande hivyo ninavyo hadi leo.