Stika Nyekundu za Lesieli

Miguu ya Lesieli ilianza kuuma saa mbili asubuhi, na kazi yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya kantini ya hospitali, huko kwao Tonga, akipakua majimbi na sipi, zile mbavu za kondoo zenye mafuta mpaka kijiko kinateleza mkononi. Hakuwa na hamu tena ya kuzionja.

Kila siku saa sita, kaka yake Sateki, msukuma machela, alikuja kuchukua chakula. Hawakusemezana. Kwa Watonga, kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawakai chumba kimoja wakapiga soga, sembuse kuzungumzia habari za mwili. Kwa hiyo Sateki alisimama dirishani akitazama pembeni, Fusi mwosha vyombo akampelekea sahani, na Lesieli akampenda kaka yake kwa njia moja tu aliyoruhusiwa: alimjazia sahani.

Kisha Sateki akakatwa kidole cha mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Wauguzi wakasema mguu wenyewe nao uko mashakani.

Mwezi huohuo akaja Kalolaine, afisa lishe, binti mwenye haraka na boksi la stika za utafiti wake. Kijani kwa samaki na mboga, nyekundu kwa sipi na soda.

“Nyekundu ni hatari, mama. Wataogopa wenyewe.”

Lesieli alifurahi kupita kiasi. Stika ingemwambia Sateki lile ambalo mdomo wake haukuweza.

Kufika saa saba sipi yote imekwisha.

“Nipe ile ya jezi!” alipaza sauti mlinzi wa getini. Nani Tonga aikimbie nyekundu? Ndiyo rangi ya bendera, ndiyo rangi ya timu ya raga. Stika ya kijani wateja waliitazama kwa huruma. “Hiyo ya wagonjwa,” walisema, wengine wao wakiwa wamevaa nguo za wodini. Wiki nzima ikawa hivyo. Sateki naye akachukua nyekundu, akaondoka akichechemea.

Kalolaine akaandika bango, likabandikwa, halikusomwa. Lesieli alichoka, akachoka na kule kuchoka kwenyewe. Jumatatu alibandua stika zote nyekundu, akazibandika kwenye samaki. Samaki wakagombaniwa.

“Mama, umenivurugia utafiti wangu!” Kalolaine alikaribia kulia.

“Utafiti wako una miguu mingapi, mwanangu?”

Binti akainamia boksi lake. Lesieli alimwonea huruma, lakini stika hakuzigusa.

Saa sita Sateki akafika dirishani. Fusi akampa sahani ya samaki na majani ya majimbi, stika nyekundu pembeni. Aliitazama muda mrefu.

“Fusi,” alisema, macho ukutani, “hebu muulize dada yangu kama sipi imekwisha.”

Dada yake alikuwa hatua tatu kutoka pale. Maneno yaliyomjia Lesieli hayakuwa ya kusemwa, hata kwa kupitia mtu, lakini aliuona ule mguu wenye bendeji.

“Mwambie ipo,” akasema. “Ila mimi sitaki aile. Namtaka mzima, na miguu yake.”

Fusi alibaki katikati na kitambaa chake cha vyombo, hajui amgeukie nani. “Jamani, si mmesikiana?” alinong’ona.

“Mwambie nimesikia,” Sateki akasema hatimaye. “Na umwambie sipi sijaipenda tangu baba yuko hai, inanikaa kifuani. Nilikula kwa kuwa yeye ndiye anayepakua. Mimi nani nikatae chakula cha dada?”

Lesieli alishika ukingo wa kaunta. Sahani zote za miaka ile zilimjia kwa mpigo, zilivyojaa, na yeye alivyokuwa akichagua vipande vyenye mafuta zaidi na kujiona dada mwema. Aliona aibu, na hakuruhusiwa kumwomba kaka yake radhi kwa mdomo wake mwenyewe.

“Fusi,” alisema, “mwambie ale, samaki asipoe.”

Sateki akaondoka na sahani yake. Lesieli alisikia ndala moja ikipiga sakafu, na mguu wa pili ukiburuzwa nyuma yake mpaka mwisho wa ukumbi.