Bukari Niliyobandikia Neno

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya kile nilichokuwa nimebana kiganjani. Kilikuwa kitonge cha bukari, hii bukari yetu ya mahindi ambayo wengine huiita ugali. Nilikuwa nakimbia nacho kutoka nyumba ya jirani kwenda soko la Manika, mtaa wetu hapa Kolwezi, kabla hakijakauka. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Kabla sijakueleza kwa nini nilikimbia na bukari mkononi, uvumilie mwendo wangu. Niliishia darasa la sita, na kalamu kwangu ni kama jembe katika mawe. Haya unayoyasoma yamenichukua siku tano. Lakini juma lililopita nimesoma jambo katika simu ya binti yangu wa mwisho, likanichoma, ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana. Zamani nilikuwa kijana wa aibu, nikizungumzishwa natazama miguu yangu, na watu walidhani ni adabu. Leo sitatazama miguu.

Miaka ile mgodi wetu ulikuwa unakufa. Mashine zilisimama moja baada ya moja. Mposho, yaani unga na mafuta ambayo kampani iliwapa wafanyakazi wake, ulipungua, kisha ukakoma. Umeme ulikuja siku moja na kukosekana wiki nzima. Watu walipouliza ni nani ametufikisha hapa, wakubwa waliokuwa na jibu la kweli hawakulitoa. Walitoa jibu rahisi. Walisema ni watu wa mkoa wa Kasai, wageni waliokuja kula vyetu, wakawaita bilulu. Kwa lugha ya kwetu bilulu ni wadudu. Neno hilo lilisemwa mikutanoni kwanza, halafu njiani, halafu hata mezani mwa watu waliotoka kusali.

Mtaani kwetu alikaa mtu mmoja, Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi, mchoraji wa ramani za mgodi. Wazee wake walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kolwezi na kitovu chake kilizikwa hapa. Baba yake alichimba shaba hii mpaka kifua kikamfunga. Kazi ya ramani iliposimama, Tata Mukendi alianza kuchora hadithi nyuma ya ramani za zamani, ukurasa mmoja kila Jumamosi, na kuutundika kwenye ukuta wa kibanda cha fundi wa baiskeli pale sokoni. Jua likipiga karatasi uliona mistari ya mashimo ya mgodi ikipita ndani ya miili ya watu aliowachora.

Shujaa wa hadithi aliitwa Waya. Alikuwa fundi wa umeme aliyepigwa na radi juu ya nguzo, na tangu siku hiyo mwilini mwake mlipita nyaya za shaba badala ya mishipa. Akimshika mtu mkono, na mtu huyo akamshika mwenzake, na mwenzake naye hivyo hivyo, taa ya nyumba ya mwisho mtaani iliwaka. Mkono mmoja ukiachia, Waya alianguka chini kama gunia. Adui yake alikuwa Mla-Mwanga, mwizi aliyezima miji. Mla-Mwanga alivaa koti refu na kofia pana, na chini ya kofia, pale uso unapotakiwa kuwa, Tata Mukendi aliacha karatasi nyeupe tupu.

Basi Manika nzima ilitaka kujua: Mla-Mwanga ni nani? Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu. Ukitaka kubashiri, uliandika ubashiri wako kwenye kikaratasi, ukaubandika ukutani chini ya hadithi. Gundi haikuwapo, tulibandika kwa bukari. Tuliita kutia bukari. Na katika njaa ile hakuna aliyetia bukari ovyo, maana kitonge ulichobandikia ni kitonge ambacho hukukila. Fundi wa baiskeli, kijana mwenye sauti kubwa tuliyemwita Yaya Kabwe, yaani Kaka Kabwe, alisoma vikaratasi vyote kwa sauti, na watu walicheka au kupiga makofi. Aliyebashiri vizuri, Tata Mukendi alimchora katikati ya umati wa Jumamosi iliyofuata. Mwanangu, hujui ilikuwa heshima gani kujiona umechorwa umemshika Waya mkono.

Mimi sikuwahi kuchorwa. Nikimaliza kuandika mstari mmoja, wenzangu wamekwisha kusomewa na kwenda. Yaya Kabwe alinitania mbele ya wote. "We Konokono," alisema, "Waya atazeeka mbele umalize." Watu walicheka, nami nikakunja kikaratasi changu nikakitia mfukoni.

Mbashiri hodari kuliko wote alikuwa Kabedi, binti mdogo wa Tata Mukendi, wa miaka minne hivi. Hakujua kuandika. Kila Jumamosi alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma kama mwalimu, na kutoa ubashiri uleule: "Kesho Waya atakuja kula bukari kwetu." Hata Yaya Kabwe alimpigia makofi.

Sasa nirudi kwenye kitonge changu. Jumamosi hiyo mama alinituma nirudishe chekecheo ya unga nyumbani kwa Tata Mukendi. Wewe unajua kwetu, ukiwakuta watu wamekaa kula huulizwi kama una njaa, unaonyeshwa maji ya kunawa. Mama Kabedi alinisogezea sahani. Sisi tulikuwa tumelala bila kula, na nadhani alijua, kwa sababu alisema ameshiba kabla hajaonja. Mama yangu ni Muluba wa hapa Katanga, yeye Muluba wa Kasai, kabila moja mikoa miwili, na walipozungumza lugha zao zilisikilizana kama dada wawili. Nilikula. Halafu, Mungu anisamehe, nikabana kitonge kimoja kiganjani, nikaaga, nikakimbia.

Kikaratasi nilikuwa nimekwisha kukiandika tangu asubuhi. Nilikuwa nimechoka kuwa Konokono. Nilitaka mara moja tu wanisikie, na nilijua neno litakalowafanya wanisikie, maana lilikuwa hewani, mtu alihitaji kuliokota tu. Nilikibandika kwa bukari ile. Yaya Kabwe akasoma:

"Mla-Mwanga ni kilulu. Alitoka kule. Tumufukuze, mwanga utarudia."

Kilulu ni mmoja wa bilulu. Soko likalipuka kwa kicheko na makofi. Yaya Kabwe alininyanyua mkono kama mshindi wa ndondi. Watu wazima, mwanangu, watu wazima waliokuwa na watoto, walinigonga bega wakisema Konokono ameona mbali. Sikumbuki mmoja aliyesema hapana. Wale wazee wangenikemea siku hiyo, labda ningelia, labda ningepona. Hadi leo nikikutana na mmoja wao kanisani, hasira inanipanda, kisha nakumbuka kuwa mwandishi nilikuwa mimi.

Tata Mukendi alikuwa amesimama nyuma ya watu. Alikuja taratibu mpaka ukutani. Hakukisoma kikaratasi, alikuwa amekwisha kusikia. Alikigusa kwa kidole pembeni, pale bukari ilipotokeza, nayo ilikuwa bado laini na bado ina joto la mezani kwake. Alinitazama. Nami nikatazama miguu yangu. Fadhila ya punda ni mateke, wahenga walisema, ila punda hajaenda shule hata darasa moja.

Jumamosi iliyofuata ukuta ulikuwa mtupu. Badala yake neno langu lilikuwa limeandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa Tata Mukendi, herufi kubwa kubwa, na chini yake: tumufukuze. Si mkono wangu ulioandika pale. Lakini sentensi ilikuwa yangu, kwa mpangilio wake, na neno likitoka halirudi. Siku chache baadaye vijana walikuja na fimbo mchana kweupe. Nyumba ikamwagwa nje, vitanda, sufuria, chekecheo. Familia ikaenda gare, kituo cha treni, kungoja pamoja na maelfu wengine treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Mama alisikia habari ya kikaratasi kwa majirani. Hakunipiga. Alikuwa anachambua majani ya muhogo, akaendelea kuchambua, akaniuliza jambo moja tu.

"Ile siku ulikulaka bukari ya nani?"

Alipika unga wa mwisho tuliokuwa nao, akaufunga kwenye kitambaa, akanitwisha, tukaenda.

Gare sitaweza kuieleza yote. Watu walilala juu ya saruji na kando ya reli, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye magogo. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulimkuta Mama Kabedi amempakata Kabedi, na mtoto alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kikubwa kuliko mwili wake. Mama yangu alikaa chini karibu na mama mwenzake, wakashikana mikono wakalia kwa lugha zao mbili. Tata Mukendi alikuwa ameketi juu ya sanduku la vifaa vyake vya kuchorea. Nilisimama mbele yake. Nilitaka kuomba msamaha, na kwa ujinga wa aibu yangu nikauliza jambo lingine kabisa. Nikamuuliza hadithi ingeishaje.

Hakupandisha sauti. Naitamani hata leo sauti ya juu ambayo hakuitoa.

"Sasa njo unauliza?" alisema. "Mwana yangu, ule mwizi mi sikumupatiaka sura. Sikujuaka ni nani. Nilikuwa nangoja, nikasema labda batu ya Manika batanifundisha. We njo ulimupatia sura. Sura yangu. Na ya huyu mutoto."

Akafungua sanduku, akatoa kikaratasi changu. Alikuwa amekibandua ukutani kwa uangalifu, hata pembe haikuchanika. Nyuma yake bukari ilikuwa imekauka, na ndani ya bukari kidole changu gumba kimejipiga chapa.

"Chukua," alisema. "Ni bukari yetu, lakini neno ni lako."

Kabedi alifumbua macho akaniona. Alinitambua, mimi wa nyumba ya pili. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Waya eko mbele ya treni, anaivuta. Ulikuwa ubashiri wake mpya. Hakuna aliyepiga makofi.

Treni ilikuja baada ya siku nyingi. Muda mrefu baadaye mchuuzi mmoja aliyetoka kule Kasai alituletea salamu. Tata Mukendi na mkewe walifika. Kabedi hakufika. Walimzika kando ya reli, kwenye kituo ambacho mchuuzi hakukumbuka jina lake.

Na mwanga? Nilibashiri utarudi. Sikiliza vizuri, mwanangu, kwa sababu wanaobashiri namna ile hawarudi kamwe kusahihisha. Haukurudi. Waliofukuzwa walikuwa wauguzi, walimu, mafundi na wachora ramani. Shule niliyosomea ilibaki na madarasa bila walimu. Mgodi uliendelea kufa mbele ya macho yetu, na sasa hakukuwa na mtu wa kujua mashimo yanapita wapi chini ya ardhi. Mla-Mwanga alikuwa bado yupo, amejaa tele, na aliyefukuzwa alikuwa yule aliyetuchorea taa. Yaya Kabwe naye alikaa kibandani bila baiskeli za kutengeneza, akitazama ukuta. Hatukuzungumza tena habari ya Waya.

Sasa nakwambia kilichonichoma juma lililopita. Ninyi mna hadithi yenu ya shujaa, vijana fulani wa mji wa Fungurume wanaichora na kuituma kwenye simu kila Ijumaa. Ni nzuri, nimeifuata tangu mwanzo, na binti yangu hunicheka kwa sababu namwomba asipitishe picha haraka. Nami nina ubashiri wangu kuhusu yule mwanamke wa daraja aliyemo humo. Lakini mwizi wa hadithi yenu naye bado amefunikwa uso, na mmoja wenu ameandika kwamba lazima awe mtu wa kuja, kwa sababu ya jina lake na namna anavyotamka maneno. Chini yake mmecheka. Mmemwita hodari. Mmeanza tayari kumpa jina la kabila, na wengine wameongeza jina la mtaa. Nani amewafundisha? Mnadhani ni mchezo kwa sababu gundi yenu haionekani?

Bashirini, mwanangu. Hadithi isiyobashiriwa ni chakula kisicho na wa kukila. Bishaneni mpaka sauti ziwakauke. Ila usimpe mwizi uso wa jirani yako ili watu wakupigie makofi. Mtu akikukumbusha njaa yako na kukuonyesha mlango wa kwenda kugonga, mwulize kwanza nani amekula mposho. Ukisikia neno la namna hiyo likisomwa na watu wakacheka, usitazame miguu, sema hapana, hata kama sauti yako inatetemeka na unaandika polepole kama mimi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa vyote viwili, na dole limepona.

Kikaratasi bado ninacho, ndani ya Biblia ya mama. Miaka mingi iliyopita nilikifungua nikakuta nyuma yake ni safi. Bilulu wa kweli, wale wadogo wa kabatini, walikuwa wameila bukari yote na chapa ya kidole changu. Neno hawakuligusa.

Mungu wa wazee wako akupe mkono usioachia. Akupe jirani wa kukuonyesha maji ya kunawa, na sahani ya kumsogezea mwingine. Na siku utakapobashiri, ubashiri wako uwe kama wa Kabedi: kwamba kesho kuna mtu atakuja kula kwetu.