Geti la tano na mbili

Saa tatu asubuhi, Bi Cheche anashusha barakoa yake ya kuchomelea na kuhesabu kwa sauti. Moja hadi tano, anachomelea. Anasita kidogo. Moja, mbili, anachomelea tena. Geti lililolala mbele yake lina nondo tano zilizokaribiana, uwazi wa upana wa kiganja, halafu nondo mbili. Kisha mpangilio unaanza upya.

Mteja wake amekwisha kuuliza mara mbili kama fundi amekosea hesabu.

"Sijakosea," anamjibu bila kuinua kichwa. "Wimbo wa nne ndivyo unavyokwenda."

Mteja anamtazama mwandishi wa makala haya, naye anatazama viatu vyake.

Bi Cheche, jina alilopewa na wateja, ana umri wa miaka arobaini na sita, na ishirini na minne kati ya hiyo ameimaliza karakanani. Mageti yake yanajulikana mtaa mzima kwa hesabu hiyo ya tano na mbili. Ameitoa kwenye albamu moja ya muziki mzito wa magitaa, ule ambao wapenzi wake huuita metali.

Kaka yake, dereva wa lori, ndiye aliyeileta nyumbani. Aliinunua kwenye meza ya vitu vilivyotumika kwa sababu kaseti ilikuwa imeandikwa "Kwaya" kwa kalamu. Jumapili mchana familia ikakaa sebuleni kuisikiliza. Ni kweli wimbo wa kwanza ulianza na kwaya iliyoimba taratibu, baba yao akafumba macho. Dakika ya pili magitaa yakaingia kwa kishindo, filimbi ikafuata, na mtu akaanza kughani kwa kasi kama dalali wa mnada. Baba akaruka na kuchomoa waya ukutani, akidhani redio inaungua.

"Mama ndiye aliyeurudisha waya," anakumbuka Bi Cheche. "Akasema hawa watu wanaimba vizuri, ila wamekasirika."

Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kazi uani, na aliogopa cheche kupita kiasi. Maneno ya nyimbo hakuyaelewa hata moja. Alichokipata ni hesabu.

"Ile kaseti ilinionyesha kwamba kelele nayo ina mpangilio," anasema. "Ukishaujua, haikutishi tena."

Mama yake ndiye aliyeiharibu. Mchana mmoja alitaka kuzima redio ili amwite bintiye aje kula, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Wimbo wa nne ukaingiwa na sekunde sita za sauti ya mwanamke: "Wewe, njoo ule. Chuma hakikimbii."

Bi Cheche alimnunia siku mbili.

Mama huyo alifariki miaka sita iliyopita. Hakupenda kurekodiwa, ukimwelekezea simu aligeuza uso na kukuuliza kama huna kazi. Sauti yake imebaki kwenye zile sekunde sita, basi.

Mwezi uliopita redio iliitafuna kaseti, palepale kwenye wimbo wa nne. Binti wa Bi Cheche, mwanafunzi wa chuo, akaisikilizisha simu yake upande wa pili uliokuwa mzima, simu ikaitambua albamu, na mama mtu akatumiwa nakala safi isiyo na mkwaruzo. Jina la bendi likajulikana baada ya miaka yote hiyo, ingawa Bi Cheche anakiri amekwisha kulisahau. Alisikiliza hadi wimbo wa nne. Mahali pa mama yake palikuwa na ngoma tu.

"Nililia," anasema. "Binti akadhani ni furaha."

Fundi redio, jirani yake wa duka la pili, aliinyoosha kanda na kuipangusa, kisha akamwambia ukweli: ingepita mara moja, au isingepita kabisa. Akashauri wachukue zile sekunde sita peke yake ili wasiichoshe. Bi Cheche akakataa, akataka wimbo uanze mwanzo.

"Mama alikatiza wimbo," alimwambia. "Nataka nimsikie akikatiza."

Alhamisi iliyopita wakaunganisha redio na kompyuta. Tano, mbili, tano, mbili. Kidole cha Bi Cheche kilihesabu juu ya goti. Sauti ikaja, yenye haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni, kisha magitaa yakarudi. Haikupita dakika, kanda ikakatika. Fundi redio akaomba radhi. Bi Cheche hakuwa na la kumlaumu. Alichokitaka kilikwisha kuingia.

Sasa anacho kwenye simu. Kwa miaka mingi amekuwa akila saa kumi jioni, chakula kimekwisha kupoa, na mpango wake wa mwaka huu, anasema, ni kula kwa wakati.

Saa saba kamili mchana, mfuko wa aproni yake unapiga magitaa. Tano, mbili. Halafu mwanamke anaita. Bi Cheche anainua barakoa na kuzima mashine, geti likiwa nusu.

Mteja, ambaye amerudi kukagua, anauliza litakwisha lini.

"Chuma hakikimbii," anamjibu, na kwenda kunawa mikono.