Avoine ya Shemeji

Mimi ni mtu wa mkate. Hapa Kisangani, mtaa mzima wa Mangobo unajua. Shule niliiacha mapema, nikabeba magunia ya unga bandarini mpaka shingo ikawa ngumu kama ya ng'ombe, na leo nina furu mbili, tanuri za matofali nilizozijenga kwa mikono hii. Nyumba yangu ina karo, vigae vya kung'aa, sakafuni. Mama nilipomtoa kijijini Yanonge, nilimpa chumba chenye dirisha la vioo na kitanda ambacho hata mkubwa wa serikali angelalia bila kunung'unika. Na kila asubuhi mkate wa kwanza kutoka furuni ulikuwa wake. Mteja agonge, alie, asubiri: Mama akiwa hajapewa, hakuna kuuza.

Sasa huyo huyo Mama alienda mtaa wa Tshopo kumsalimia mdogo wangu, akasema analala usiku mmoja tu. Usiku ukawa wiki, wiki zikaongezeka. Nikimpigia simu anajibu, "Papa, ningali hapa kidogo." Ananiita papa, kama wamama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Hapa kidogo kwa sababu gani? Mdogo wangu anapanga vyumba viwili, na bati linavuja. Ana nini yeye ambacho mimi sina?

Asubuhi moja nilipanda toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, nikaenda kuona mwenyewe.

Nilimkuta shemeji, mke wa mdogo wangu, amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko lake la makaa. Sufuria iko juu ya makaa, na juu ya kifuniko makaa mengine yanawaka. Moto chini, moto juu. Alipofunua, harufu ya maziwa na ndizi mbivu ikanipiga usoni. Ilikuwa avoine, zile punje bapa za dukani ambazo watu huchemshia uji. Yeye alikuwa amezichanganya na mayai, maziwa, ndizi na karanga za kutwanga, akazioka mpaka juu pakawa pekundu.

Mama alikuwa ameketi, kijiko tayari mkononi. Kijiko tayari! Kwangu tulikuwa tunamwita na kumwita ndipo aje mezani.

"Karibu, yaya," shemeji akasema, yaani kaka mkubwa. "Umekuja kutuchunguza?"

"Nimekuja kuona mama yangu."

"Mama iko. Anakula."

Akamkatia kipande cha katikati, akamwagia maziwa ya moto pembeni, akapiga goti kidogo alipokuwa anampa. Mama akatia mdomoni, akafumba macho. Nimemlisha mwanamke yule miaka yote hii, sijawahi kumwona amefumba macho.

Nilipewa na mimi. Nikala. Ilikuwa tamu, na utamu wenyewe ndio ulioniudhi.

"Mama," nikasema, "na mukate yangu?"

"Mukate yako iko muzuri, papa. Lakini gamba yake inaniumiza fizi. Meno iliisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nitakuambia saa ngapi? Ukileta mukate unabaki umesimama hapo, unangoja nikusifu."

Mdogo wangu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Shemeji akageuza uso, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Bon. Nikasema moyoni: kama ni kuoka, nani Kisangani hii atanifundisha mimi kuoka? Nikapita sokoni, nikanunua avoine yangu, na kumuuliza shemeji hata neno moja sikumuuliza. Nyumbani nikaimwaga kwenye beseni, nikatia hamira, chumvi na maji ya uvuguvugu, nikaikanda kama ninavyokanda unga. Ikanata mikononi kama tope la mtoni. Nikaifunika kitambaa ili ivimbe. Nikangoja. Nikafunua: iko vile vile. Nikaongeza hamira, nikangoja tena. Mke wangu akapita, akatazama beseni, akanitazama mimi, akaenda zake. Mwisho nikaitia furuni hivyo hivyo, kwa moto mkali wa mkate, maana moto ninaouamini ni huo.

Nikaibeba hadi Tshopo ndani ya taulo safi. Mama akaigonga kwa kijiko. Ko, ko.

"Papa, hii ni ya kula ao ya kujengea?"

"Onja kwanza, Mama."

Akalamba ukingo, akakunja uso. "Inachachuka. Uliweka nini?"

"Hamira."

"Hamira!" Shemeji akashika kichwa. "Yaya, avoine haivimbi! Utatia hamira ndani ya wali?"

Wakacheka wote. Waache wacheke, nimechekwa na watu wakubwa kuliko hao. Lakini Mama, katika kucheka kule, aliweka mkono juu ya goti la shemeji, na mkono ukabaki pale. Niliutazama mkono ule.

Basi nikageukia sufuria ya shemeji, nikaichungulia. Chini palikuwa peusi.

"Inaungua?"

"Kila siku," akakubali. "Moto ya makala ikishika, inashika sana. Ninakwangua, ninatupa."

Hapo nikaona mlango. Nikajiambia, chakula kikihamia kwangu, Mama atakifuata.

"Lete kwangu," nikamwambia. "Nikishatoa mukate, furu inabaki na joto ya pole, inazunguka pande zote. Haitaungua hata punje moja."

"Na wewe utatia mukono?"

"Sitatia."

"Hata hamira kidogo?"

"Shemeji, usinitafute."

Wakaja kweli, toleka mbili, shemeji na bakuli lake mapajani, Mama nyuma. Nilifagia majivu mimi mwenyewe. Nikarusha unga kidogo ndani ya furu: ukabadilika rangi polepole bila kuwa mweusi, nikajua joto limefika. Na ile avoine ilitoka, nawaambia, imeiva chini kama juu. Sufuria ya makaa haiwezi kazi ile. Nilisema hivyo kwa sauti, tena zaidi ya mara moja.

Mama akala kwenye meza yangu. Nikaona wakati umefika.

"Basi Mama, chumba chako tumekifagia. Tumetandika shuka mupya."

"Aksanti, papa. Kula, nitakula kwako kila asubuhi." Akafuta mdomo. "Lakini kulala nitalala kule. Magaribi tunaongea, mimi na huyu."

"Munaongea nini?"

"Mambo."

Mpaka leo ndivyo ilivyo. Majirani wanamwona mama yangu anakunywa chai kwangu kila asubuhi, na mimi nawaambia avoine yake inaiva katika furu yangu, na ni kweli. Akimaliza, yeye na shemeji wanapanda toleka zao. Shemeji hugeuka akamwambia neno, Mama akacheka, akapiga paja. Mimi nabaki mlangoni, pao la kutolea mkate mkononi, natega sikio. Barabara ile ina kelele. Neno lenyewe sijawahi kulisikia.