Siku Niliyomfuta Mwenye Baiskeli

Kwa miaka kadhaa tovuti ya kijiji chetu ilisafiri mfukoni mwangu. Hapa Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi, rezo, ndivyo tunavyouita mtandao, huja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Kupandisha ukurasa mmoja kungekula asubuhi nzima, kisha kazi ikatike katikati. Kwa hiyo kila nilipopata tangazo jipya, harusi, kifo, mbegu za maharage zilizofika, mtu anayemtafuta dada yake, niliandika kwenye kompyuta yangu ya mtumba, nikaweka kwenye flashi, nikaifunga flashi ndani ya leso na kwenda mjini Mbarara. Ng'ambo ya mto Rwizi, kule Nyamitanga, kulikuwa na chumba cha mtandao nilichokizoea. Hapo nilipandisha faili moja baada ya nyingine, nikiziwekea alama ya penseli kwenye karatasi ili nisisahau hata moja. Nilisahau nyingi.

Tovuti yetu haikuwa na nyumba yake. Ilipanga chumba kimoja ndani ya kompyuta kubwa ambamo walipanga pia duka la viatu, shule moja na mganga wa meno ambaye sikuwahi kumwona. Mwenye kutupangisha alikaa Kakiika, pembeni mwa Mbarara. Sisi wapangaji tulikuwa na ufunguo wa chumba chetu tu, yaani jina na neno la siri. Mambo mengine yote ya nyumba yalikuwa mikononi mwake.

Aliyenifundisha kazi hii ni binti Mkongo kutoka Kivu ya Kusini, mwalimu wa chumba cha kompyuta hapa kambini. Umri wake ni kama wa mjukuu wangu wa kwanza. Siku moja aliniona narudi kutoka Mbarara nikishika magoti.

"Papa," alisema, "hii miguu imechoka. Tufundishe mashine iende fasi yako."

Tulikaa naye siku mbili. Tuliandika programu fupi, haikujaza hata ukurasa mmoja. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika neno moja, *peleka*, na programu ingebisha hodi kwenye chumba chetu, itaje neno la siri, ilinganishe vilivyomo kwangu na vilivyomo kule, kisha itume vile tu vilivyobadilika. Rezo ikikatika, ingengoja na kuendelea pale ilipoachia. Mara ya kwanza tangazo la harusi lilifika kabla chai yangu haijapoa. Nilikwenda kusimama nje kwenye jua kali nikacheka peke yangu. Jumapili, uani mwa kanisa, niliwaambia wote waliotaka kusikia, na wachache ambao hawakutaka, kwamba mashine yangu haikosei.

Ningeishia hapo ningekuwa mzee mwenye amani.

Lakini chumba chetu kule kilikuwa kimejaa mabaki ya miaka ya kupandisha kwa mkono: matangazo ya harusi za watu ambao sasa wana watoto watatu, picha zilezile mara nne. Nikasoma kwenye maelezo kwamba lipo neno unaloweza kuliongeza, na programu itaondoa kule kila kitu ambacho hakimo katika folda yako. Nilimwambia binti.

"Papa, hilo neno ni kali," alisema. "Ukiliweka, kwanza uulize mashine ikuambie itafanya nini bila kufanya. Usome ile liste yote. Halafu ndio utume."

"Binti yangu, mimi nilichapa barua za ofisi ya komine kule kwetu kwa mashine ya chuma kabla mama yako hajazaliwa."

"Ndiyo, Papa. Lakini mashine ya chuma, ukikosea, inaharibu karatasi moja. Hii inaweza kufuta kijiji."

Tulicheka wote wawili. Jumanne asubuhi, nikiwa peke yangu, niliongeza lile neno na kutuma bila kuuliza. Mistari ilishuka kwenye kioo: futa, futa, futa. Niliitazama kwa raha, kama mtu anayemwona mwingine akimfagilia ua.

Sasa niseme habari za mwenye baiskeli. Alikuwa rafiki yangu na jirani yangu, Mrundi mwenzangu, mkulima wa maharage. Alifariki mwaka uliotangulia. Siku moja ya mavuno, wakati angali mzima, yule binti alipita shambani na simu yake, nikamwambia rafiki yangu, "Simama kama chifu." Alisimama. Aliegemea baiskeli yenye gunia nyuma, kofia imekaa upande, na kwa kuwa niliendelea kumtania, akacheka mpaka pengo lake likaonekana lote. Chini ya picha, kwenye udongo, kuna kivuli cha mtu mwenye fimbo. Ni mimi.

Alipofariki nilikuwa nimelala na malaria. Binti ndiye aliyeiweka picha ile kwenye ukurasa wa marehemu, moja kwa moja kutoka kwenye simu yake, bila kupitia kompyuta yangu. Baadaye simu yake iliibwa sokoni Mbarara. Hivyo picha ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kile chumba cha kupanga. Haikuwamo katika folda yangu. Nilikuwa nikiiona kila nilipofungua tovuti, na kwa kuiona nilidhani ninayo.

Jumatano, kabla umande haujakauka, mjane wake alisimama mlangoni kwangu. Binti yao anaishi Australia, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini hufungua ukurasa ule, anamtazama baba yake, anafunga, anaondoka.

"Mutama," mjane alisema. Ananiita mzee kwa Kirundi ingawa tumepishana miaka mitano tu. "Mtoto amepiga simu analia. Anasema baba yake ameondoka tena."

Niliwasha kompyuta huku ananitazama. Mahali pa picha palikuwa na kijisanduku cheupe. Nikaielewa ile mistari ya jana, mmoja mmoja.

"Ni rezo, shemeji," nilisema. "Rezo mbaya. Itarudi."

"Itarudi kabla ya kuganduka?"

Kuganduka ndiyo siku yetu ya kumaliza kilio. Ukoo hukusanyika, pombe ya mtama hunywewa, na aliye na neno kati yake na marehemu hulisema mbele ya watu, ili wafiwa warudi kuishi. Yeye alikuwa ameipanga Jumamosi ya juma lililofuata. Alitaka picha ile ichapishwe kubwa Mbarara na kuwekwa mezani, na binti yake aitazame kule saa ileile wanapoitazama hapa. Kwenye mazishi binti hakuweza kuja. Picha hiyo tu ndiyo aliyokuwa nayo.

"Itarudi," nilisema.

Alhamisi alikuja, nikasema rezo. Ijumaa nilimwona kwa mbali akija na jembe begani, nikaingia chooni nikakaa humo mpaka alipopita. Nilipekua flashi zote, hata zilizokufa. Sikumwambia binti mwalimu, kwa sababu ningelazimika kumwambia pia kwamba sikusoma ile orodha.

Na siku hizo nilikuwa na jambo jingine lililonikaa kooni. Miaka mingi iliyopita, siku ya uhakiki wa wakimbizi, nilikuwa Mbarara nikimuuguza mtu. Niliporudi jina langu halikuwamo. Nilimwuliza karani, naye akanijibu bila kuinua kichwa kwamba asiyekuwamo kwenye orodha hayupo. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Ilinichukua muda mrefu na foleni nyingi kurudishwa miongoni mwa walio hai, na tangu hapo nimemsimulia kila mtu ubaya wa karani yule. Kisha mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, niliandika sheria yake. Asiyekuwamo kwenye folda yangu, aondoke. Nikaenda kunywa chai.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda chumba cha kompyuta nikamweleza binti yote. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu.

"Papa, toka lini?"

"Tangu Jumanne."

Alifunga macho. "Yule wa Kakiika anachunga nakala ya vyumba vyote. Moja tu. Inabadilishwa kila Jumapili. Papa, jana ilikuwa Jumapili."

Aliniambia nipige simu. Nilikwenda mwenyewe, jambo la namna hii mtu humwomba mwenzake uso kwa uso. Nilimkuta yule bwana nyuma ya nyumba yake akiwakatia ng'ombe majani, buti miguuni, simu mbili shingoni. Sikuwa nimewahi kumwona. Alinipa kiti kabla sijajieleza, kisha akaingia ndani kutazama. Alirudi polepole.

"Sebo, pole sana," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Kopi iko moja tu. Kila Sande mashine nafanya mpya, ile ya zamani natoka. Kama wewe nakuja Satade, mimi naweza kukupa yote. Sasa hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee wangu." Akanipa maziwa. Nilishindwa kuyamaliza.

Ningekwenda Jumatano, siku ileile mjane aliposimama mlangoni kwangu, picha ingekuwako nzima. Kufuta lilikuwa kosa la mkono, na mikono ya wazee hutetemeka. Siku nne za kusema rezo zilikuwa kosa langu mimi.

Jumamosi ilifika. Meza iliwekwa chini ya turubai, na kitambaa cheupe juu yake, na juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Mjane alikuwa amewaambia watu kwamba picha imezuiwa na rezo, na mzee anashughulikia. Alinitetea. Simu ya kijana mmoja wa ukoo iliegemezwa kwenye mtungi, na ndani yake binti wa Australia, amevaa kitambaa cheupe kichwani, peke yake jikoni kwake.

Ulipofika wakati wa wenye neno na marehemu, nilisimama. Nilisema, "Mimi ninalo." Nikawaambia. Sikusema rezo. Nilisema niliandika neno, nilionywa na aliyenifundisha, sikusikia. Nikasema juu ya Jumatano, na Alhamisi, na hata choo. Hapo kwenye choo mtu mmoja alicheka, akapigwa kiwiko.

Mjane alinigeukia.

"Nilijua si rezo," alisema. "Rezo ikiharibika haitazami viatu vyake."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Kisha ikasikika sauti ndogo kutoka kwenye mtungi.

"Baba mdogo," alisema yule binti. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mbona hukuniambia mapema? Mimi ninayo nusu."

Wakati fulani, akitaka kumwonyesha mwanawe babu yake bila kufungua mtandao, aliipiga picha skrini ya simu yake ukurasa ule ukiwa wazi. Aliituma hapohapo. Rezo ya Juru, ambayo nilikuwa nimeisingizia juma zima, ikaileta bila kukatika.

Ni nusu kweli. Baiskeli imekatwa magurudumu, gunia halimo, na kivuli chenye fimbo hakimo. Naona ni haki. Lakini uso upo, na pengo, na kicheko chote. Juu ya kofia yake imekaa saa ya Australia na alama ndogo ya betri inayokaribia kuisha. Hatukuwa na muda wa kwenda kuichapisha Mbarara, tukaiacha kwenye simu, simu ikazungushwa mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alimsalimu.

"Betri yake imebaki kidogo," alisema mjane, "lakini bado anacheka."

Jumatatu niliiweka picha katika folda yangu, na nakala kwenye flashi mbili, na moja kwa binti mwalimu, ambaye aliipokea bila kusema "nilikuambia." Nilimngoja aseme. Mpaka leo hajasema.

Lile neno kali sikulitoa. Binti alitaka nilitoe, nikamwambia liache, linanifaa. Sasa kila ninapotaka kutuma, kwanza naiuliza mashine ingefanya nini, nayo inatoa orodha ya vitakavyopelekwa na vitakavyofutwa. Naisoma kwa sauti. Mjane akinisikia kutoka kwenye uzio wake, huja na kigoda chake akaketi mlangoni, akichambua maharage kwenye ungo. Hajui kompyuta na hataki kuijua. Anangoja nimalize kusoma vinavyofutwa, na siku nyingine ni vingi, naye hanikatizi.

"Yumo?" anauliza.

"Hayumo, shemeji."

"Soma tena."

Nasoma tena.

"Basi peleka," anasema, na ndipo ninapoandika lile neno.