Nilivyomsitiri Kocha wa Kigeni

Kazi ya kupokea wazungu uwanja wa ndege naijua kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa. Dar es Salaam, kila klabu yetu ilipoleta kocha mpya kutoka Ulaya, mimi, kocha msaidizi, ndiye niliyetangulizwa mbele na skafu ya klabu mkononi. Mashabiki wanapuliza matarumbeta, viongozi wanasukumana wapige naye picha, na mimi nabeba begi. Mgeni akishaharibu anafukuzwa, naitwa mimi niwe kocha wa muda. Nikishaiweka timu sawa naambiwa, "Mwalimu, jiandae, Jumatano kuna mgeni anatua." Basi narudi ofisini kuchukua skafu nyingine.

Siyasemi haya ili nionewe huruma. Nayasema kwa sababu nina hasira, na wanaonifahamu wanajua kwamba mimi hasira zangu haziendi likizo.

Mke wangu ni muuguzi. Alipopata kazi Arlington, tulihamia Texas, tukapanga nyumba Mansfield, na ndani ya ndege nilikuwa na wazo lililonichekesha peke yangu. Wamarekani mpira wao bado wanaujenga, nao wanaleta makocha na wachezaji kutoka nje. Sasa mimi si ndiyo natoka nje? Safari hii mgeni ni mimi! Nilipomwambia mke wangu alicheka mpaka abiria wa jirani akatugeukia. "Haya, mzungu wangu," akasema, "ukifika usisahau kudai skafu yako."

Skafu gani! Nilipata kazi ya ghala, kupanga maboksi, na Jumamosi nikawa nafundisha watoto wa watu wenye pesa zao kwenye viwanja vya mtaani kwetu. Wazazi wanakuja na viti vya kukunja na kahawa, na kila mmoja ana maelekezo kuhusu namba anayostahili mwanawe. Mama mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama kule Afrika huwa tunacheza na viatu. Nikamwambia tunavaa siku za mechi tu. Akaitikia kwa kichwa, akaamini.

Miaka ikaenda hivyo, na mke wangu akachoka kuniona nimenuna. Wanaume wengi wa kwetu huku, Watanzania na Wakenya, waliokuja na vyeo vyao wamesoma ile kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa na wazee, na maisha yao yanakwenda. "Jaribu mara ya mwisho," aliniambia siku moja jikoni. "Ukipata benchi la timu ya kueleweka, nitapika pilau niwaite watu. Ukikosa, unaingia darasani, na habari za mpira zinaisha humu ndani. Tumeelewana, baba?" Nikasema tumeelewana. Sikuwa na pa kukimbilia.

Timu niliyoijaribu ilikuwa mpya, ya kulipwa, daraja la chini ya ligi kuu. Kombe la Dunia lilikuwa linakuja mlangoni kwetu, Arlington na Houston, na kila mwenye fedha alitaka awe na timu. Mkurugenzi wa michezo, Mmarekani kijana mwenye haraka zake, aliniita kwenye usaili. Akanieleza kwamba wanataka benchi la ufundi kutoka nje ya nchi ili wainue kiwango. "Mimi natoka nje ya nchi," nikamwambia. Akatabasamu. "Ni kweli, ila sisi tulikuwa tunafikiria Ulaya. Au Amerika ya Kusini." Aliongea bila ubaya wowote, kama muuza duka anayekwambia saizi yako ya kiatu imekwisha. Mimi nilitaka kusimama niondoke.

Kabla sijasimama, akaona jina la klabu niliyotoka, akachangamka. Kocha mkuu waliyemwajiri, kumbe, aliwahi kuifundisha klabu hiyo hiyo, na alikuwa bado anatafuta msaidizi. Akanionyesha picha. Miwani ya fremu nyekundu! Jamani, moyo uliruka. Huyo nilimvisha skafu kwa mikono yangu.

Huyu Mzungu wa miwani alitufundisha msimu mmoja. Mechi chache kabla ligi haijaisha alituaga kwamba ana matatizo ya kifamilia, anakwenda mara moja na kurudi. Hakurudi. Tulikuja kusikia alikuwa anazungumza na timu ya Uarabuni. Kwenye makaratasi alibaki kocha mkuu, lakini uwanjani nilikuwa mimi. Mechi ya mwisho tulitakiwa tushinde, mvua inanyesha, mpira hauendi, bado bila kwa bila. Nikamtoa straika anayependwa na nchi nzima, nikamsogeza beki wa kushoto akacheze mbele. Nilitukanwa matusi ya nguoni. Chupa za maji zilinipata mgongoni na kichwani. Yule beki akafunga kwa kichwa, tukawa mabingwa. Mke wangu alikuwa jukwaani, amelowa chapa chapa, na sauti ilimkauka kwa kupiga kelele.

Kwa hiyo niliona mambo yamekwisha. Mtu huyu ananijua, atanichukua. Mkurugenzi naye aliona hivyo hivyo, akasema tutasaini kocha akishafika na kunikubali. Halafu akaniuliza kama ningeweza kwenda kumpokea pale uwanja wa ndege wa Dallas. Nilicheka mwenyewe kwenye gari. Skafu nilipewa ofisini kwao, tena nzuri, ya sufu.

Alinikumbatia. "Rafiki yangu!" akasema, neno la Kiswahili lililombakia. Njia nzima aliniuliza habari za joto na za nyumba aliyopangiwa. Habari zangu hakuuliza, nami sikujali, kwa kuwa nilijua kuna siku za kuongea.

Kesho yake mchana wamiliki walimkaribisha chakula, hoteli moja ya nyama Fort Worth. Na mimi nilikuwepo, pamoja na winga kijana wa Kigoma waliyemsajili kutoka ligi ya kwetu. Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, kwa hiyo niliombwa nimsaidie kutafsiri. Tukiwa katikati ya kula, mmoja wa wamiliki akamwomba kocha asimulie ule ubingwa wake wa kule Afrika. Mzungu wa miwani akavua miwani, akaifuta, akaanza. Mvua. Straika anayependwa na nchi nzima. Beki wa kushoto. Hata chupa za maji alizitaja. Chupa zangu! Zilizonipiga mimi! Akashika mpaka kisogo kuonyesha ilipompata moja.

Nilikuwa bado nimemkodolea macho Mzungu, mkurugenzi aliponigeukia. "Wewe ulikuwepo! Ilikuwa hivyo kweli?" Meza nzima ikanitazama.

Sikilizeni. Mimi nimelelewa kwamba mtu humvui nguo mbele ya wenyeji wake, chakula kikiwa mezani. Unamsitiri. Hamsemezani lolote, lakini yeye anajua umemfunika, na wewe unajua kwamba anajua, na kesho naye anakutazama. Hivyo ndivyo nilivyoishi na viongozi wote, na mabosi wote, na majirani. Mtu uliyemsitiri hakutupi. Kwa hiyo nikasema, "Ni kweli kabisa. Kocha siku ile alikuwa na moyo wa chuma." Wakapiga makofi. Yeye akaninyanyulia glasi, na mimi machoni mwake niliona shukrani, wallahi niliiona.

"Wanaongea nini, Mwalimu?" winga akaninong'oneza.

"Mambo ya mpira tu," nikamwambia. "Kula."

Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu atoe mchele wa pilau. Akataka kujua yaliyosemwa. Nilipofika pale kwenye moyo wa chuma, aliuweka mwiko chini. "Umesema nini wewe? Mimi nimelowa jukwaani, wewe umepigwa machupa, leo ubingwa wetu umeugawa kwa sahani ya nyama?" Nikamwambia haelewi, nimemsitiri mtu na mtu atanilipa fadhila. "Yule si wa kwenu," akasema. "Atajuaje kwamba amesitiriwa?" Nilikasirika, nikatoka nikaenda kukaa ndani ya gari. Pilau halikupikwa siku ile.

Jumatatu mkurugenzi aliniita. Msaidizi atakuwa Mzungu mwingine, mtu wa kocha mwenyewe, aliyefanya naye kazi Ulaya. Nikauliza kocha amesema nini kunihusu. "Amekusifu sana," akajibu. "Amesema wewe ni mtu mwaminifu, huna makuu. Lakini maamuzi yote kule yalikuwa yake, na wewe mwenyewe ulituthibitishia. Sisi tunahitaji msaidizi anayeweza kuamua." Nilijiona nimepigwa kofi kwa mkono wangu mwenyewe. Akaniambia nisivunjike moyo, kazi ya kumtafsiria winga ipo mpaka kijana ajifunze lugha. Tena, kama nina nafasi Alhamisi, huyo msaidizi mpya anatua saa sita mchana.

Nilikwenda. Nilimvisha skafu. Nikabeba begi.

Mke wangu hakunisema sana, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kusemwa. Alinipa muda mpaka mechi za kujipima nguvu ziishe, kabla ligi haijaanza. Mimi nilijidanganya kwamba nikiwa karibu na timu, Mzungu wa miwani siku moja ataona aibu. Aibu! Nilikuwa napita mbele yake asubuhi na jioni, ananigonga begani, "rafiki yangu, rafiki yangu," anaendelea na safari zake. Nilimchukia mpaka harufu ya manukato yake.

Mechi ya mwisho ya kujipima nguvu ilikuwa Houston. Tulikwenda kwa basi, makocha mbele, sisi nyuma na mizigo. Winga akaniuliza swali ambalo inaonekana lilikuwa limemkaa siku nyingi. "Mwalimu, samahani. Kwa nini wewe unakaa na mabegi? Si ungekaa kule na wenzako?" Nilikuwa nimechoka kufunika mambo. Nikamweleza yote, pamoja na yale ya mezani, kwamba hawa wanaamini ule ubingwa ni wa yule pale.

Kijana akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Ubingwa upi? Ule wa mvua? Mwalimu, mimi nilikuwa uwanjani! Mimi ndiye winga wa ile timu mliyoifunga! Beki wenu wa kushoto nilikuwa nimemshika mimi, alipopanda mbele nilipigiwa kelele nimfuate, nikazubaa, akafunga. Nilisemwa mwaka mzima. Huyu Mzungu mbona hakuwepo? Aliyekuwa anapigwa machupa ni wewe!" Nikatazama nje, barabara ya Houston inakimbia, macho yananiwasha. Tangu nifike Marekani, mke wangu peke yake ndiye alikuwa anajua hivyo. Sasa tulikuwa watatu.

Joto la Houston mchana ule lilikuwa la Dar kabisa, la kunata. Winga alicheza mpira sijapata kuona. Alifunga moja, akatengeneza jingine, na filimbi ilipolia mkurugenzi, mmiliki mmoja na Mzungu wa miwani walimfuata pembeni mwa uwanja kumpongeza. Mkurugenzi akaniambia nimuulize kama ana neno lolote. Kijana akanigeukia, ameshika viatu mkononi. "Mwalimu, nitafsirie neno kwa neno. Usipunguze hata kidogo. Naomba, kwa heshima yako."

Akasema. Kwamba mechi ile ya ubingwa yeye aliicheza, upande wa walioshindwa. Kwamba huyu kocha hakuwepo uwanjani wala nchini. Kwamba aliyemsogeza beki mbele ni huyu anayetafsiri, na kama wanataka mtu wa kuamua, wanaye, wamempa mabegi. Nami nikatafsiri neno kwa neno. Nilikuwa najisifu kwa Kiingereza mbele za watu, nimesema "mimi" mahali ambapo kijana alisema "huyu". Sikupunguza kitu.

Mzungu wa miwani akavua miwani, akaifuta. "Kijana amechoka," akasema. "Hili joto."

Mkurugenzi hakumtazama kocha. Alinitazama mimi. "Pale mezani ulisema nini?"

"Nilisema ni yeye."

"Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?"

Nilitaka kumweleza. Habari za wenyeji, chakula mezani, mtu kumsitiri mwenzake. Nilitazama saa yake, na jinsi alivyokuwa anaitazama, nikaona ni hadithi ndefu mno. "Siku ile," nikasema.

Akatikisa kichwa, kwa masikitiko ya kweli, nadhani. "Basi sasa nitajuaje kama haya ameyasema yeye au umeyasema wewe? Wewe ndiye mkalimani." Akanipa mkono. Akasema kuanzia wiki ijayo watatafuta mtu mwingine wa kumtafsiria kijana, na ahsante kwa yote. Wakaondoka watatu, kocha katikati, mmiliki amemwekea mkono begani.

Winga alikuwa bado amesimama, jasho linamtiririka, anacheka kwa uso mzima, ana uhakika ameniokoa.

"Wamesemaje, Mwalimu?"

"Wamefurahi," nikamwambia. "Wamesema ahsante, hawakuwa wanajua."

"Si nilikwambia!" akasema, akaviangusha viatu chini, akanikumbatia na jasho lake lote.