Koti Jeupe na Moshi wa Bani

Siku yangu ya kwanza kama mkufunzi wa uuguzi, Mkuu wa Chuo alinikabidhi kundi la wanafunzi na gari lisilo na honi, niwapeleke kijiji cha Ipole kwa mafunzo ya vitendo, yaani kuishi na wanakijiji na kuwahudumia huko huko waliko. Nilijiona mkubwa. Nilivaa viatu vipya, vikanitesa hadi jioni.

Kundini alikuwamo Zuhura, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo mjini, hodari darasani na mwenye ulimi. Zamu yake ya kuongoza kliniki ya watoto ilipofika, alitangaza siku, akapanga mabenchi, akasubiri. Hakuja mama hata mmoja. Chanjo ya surua ilikuwa kwenye kibebeo, lile kasha la barafu, na barafu ikiisha chanjo haifai tena. Kijiji jirani surua ilikwisha kuingia, nami nilianza kuogopa. Zuhura alinung'unika kwamba watu hawa hawajali watoto wao, bora arudi mjini akashone na baba yake.

Mganga Mfawidhi wa zahanati, mzee asiyependa kelele, alimwuliza, "Binti, ulipopanga siku, uliangalia moshi unatoka wapi?"

Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Mchana kina mama walikuwa kwenye mabani, vile vibanda virefu vya kukaushia, wakichochea moto. Ukipungua, majani yanaharibika. Ukizidi, bani zima linateketea na jasho la mwaka mzima. Mama aende kliniki, moto amwachie nani?

Zuhura alibeba kibebeo begani, akaufuata moshi. Kwenye bani la kwanza alimkuta mama na mtoto mgongoni, akamwamkia.

"Huo moto niachie mimi, mama. Wewe mpakate mtoto."

Akachochea yeye, mwanafunzi mwenzake akachanja. Tulikwenda hivyo bani kwa bani, tukamaliza barafu ikiwa bado ipo. Koti lake jeupe liligeuka kahawia, na habari za cherehani sikuzisikia tena. Nilifurahi mno, ingawa nilijitia kumkaripia kwa ajili ya koti.

Sasa nimestaafu, nalima mchicha. Vijana wa leo wanajua mengi kutuzidi. Ninachowaomba ni wasiache kulala vijijini. Zuhura naye ni mkufunzi. Juzi alinipigia simu kulalamika kwamba wanafunzi wake wamerudi kutoka vijijini makoti yananuka moshi. Nikamwuliza kama waliwahi kabla barafu haijaisha.

"Waliwahi, mwalimu."

"Basi wape chai. Makoti yatafuliwa."